Kibao cha Lugalo

Nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala gazetini nikidai kwamba mnara wa Wajerumani ulioko kijijini Lugalo, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, ung'olewe. Ilikuwa makala yenye hasira nzuri. Neno "fedheha" nililitumia mara tatu. Nilichowaficha wasomaji ni kwamba mnara wenyewe nilikuwa sijawahi kuusogelea. Nilikuwa nimepita na basi, abiria wa kiti cha pili akaninyooshea kidole nje ya dirisha, akasema "pale ndipo Mkwawa alipowapiga Wajerumani," na kabla sijageuza shingo vizuri tulishapita. Mengine niliyatoa kwenye picha na kwenye vitabu, na hasira niliitoa kwangu mwenyewe.

Kwa wenzangu wa Dar es Salaam, Lugalo ni hospitali ya jeshi, ni kambi, ni kituo cha daladala. Zamani kambi ile iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia walikopigana askari wa King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndiko maasi ya wanajeshi yalikoanzia Januari 1964. Baadaye likaletwa jina la Lugalo, likawekwa juu ya lile la zamani, na leo konda analipiga kelele siku nzima bila yeye wala abiria wake kuwaza kwamba anataja mapigano. Lugalo yenyewe, ile iliyolizaa jina, ni kijiji cha kawaida cha wakulima. Ukitoka Dar unapanda Kitonga na kona zake, unapita Ilula na matenga yake ya nyanya, na kabla hujafika Iringa mjini ndipo hapo.

Kilichotokea pale kinajulikana, lakini nikisimulie kwa ufupi. Mwaka 1891 kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, Emil von Zelewski, aliongoza kikosi kutoka Kilwa kwenda bara kuwatia adabu Wahehe. Wenyeji walimpa jina la Nyundo. Watu wa Pangani walikuwa wanamfahamu kabla ya hapo. Mwaka 1888, akiwa wakala wa kampuni ya Wajerumani kule, aliingia msikitini na mbwa, na jambo hilo halikusahaulika pwani. Njiani kuelekea Uhehe kikosi chake kilichoma vijiji. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara ulipita Lugalo umenyooka kama uzi, askari, wapagazi na punda, na Wahehe walikuwa wamejificha vichakani wakiusubiri. Walitoka na mikuki. Yalikuwa mambo ya dakika chache. Wajerumani 10 walikufa, Zelewski mwenyewe akiwemo, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Wahehe wangapi walikufa, vitabu havikubaliani mpaka leo, na kutokubaliana kwenyewe kunakueleza ni nani alikuwa ameshika kalamu.

Ni Wajerumani walioweka mnara, baada ya kuishika nchi. Ni wa mawe, na maandishi yake ni ya Kijerumani, na unawakumbuka Wajerumani. Hoja yangu gazetini ilikuwa nyepesi: mvamizi amekuja kwetu, amekufa kwetu, na bado ndiye mwenye jiwe. Sisi tuliokuwa nyumbani hatuna. Ung'oeni.

Hiyo hoja bado sidhani kama ni ya kipumbavu. Lakini mwaka jana nilikuwa Iringa kwa kazi nyingine kabisa, habari ya bei ya vitunguu, nikawa na nusu siku tupu. Nikasema ngoja nikaone hicho nilichotaka kivunjwe.

Pale kijijini nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye, niliambiwa, wageni wanaouliza habari za mnara hupelekwa kwake. Sitamtaja jina, hakunipa ruhusa na mimi sikumwomba. Nilimkuta anaparua mahindi na mjukuu wake, msichana wa kama miaka kumi. Nikamwamkia. "Kamwene," akaitikia, halafu akaniuliza kwa Kiswahili natokea wapi, nafanya kazi gani. Nikasema mwandishi wa habari. Akaacha mahindi.

"Wewe siyo yule aliyeandika tuung'oe?"

Kumbe makala yangu ilimfikia. Kijana mmoja wa pale alikuwa amemsomea kwenye simu. Nilitaka kukana, nikaona aibu, nikasema ndiyo, Mzee, ni mimi. Nikajiandaa kupongezwa.

"Sasa mwanangu," akasema, "ukishaung'oa, huyu mjukuu wangu nitamwonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, polepole, kama mtu aliyekwishalisema jambo hilo mara nyingi. "Sisi tukisema tuliwapiga Wajerumani, mtu wa mbali atasema Wahehe wanapenda kujisifu. Lakini hawa wameandika wenyewe. Kwa mkono wao. Wameweka na tarehe. Wewe umewahi kuona mtu aliyepigwa akakuachia risiti?"

Akacheka, na mjukuu akacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa.

Nimeifikiria ile risiti mara nyingi tangu siku hiyo. Katika mabishano ya sanamu na minara, tunazoea kuuliza mnara umesimamishwa na nani na unamsifu nani. Mzee aliuliza swali jingine: mnara unakiri nini? Mnara wa Lugalo ulijengwa ili kuomboleza, lakini huwezi kuomboleza maofisa wako waliokufa porini bila kukiri kwamba kuna watu waliowaua, na kwamba siku hiyo watu hao walikuwa bora kuliko ninyi. Linganisha na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa Dar mwaka 1909. Ile haikukiri chochote. Bwana amesimama juu, askari Mwafrika yuko chini yake anamtazama. Waingereza waliiondoa baada ya vita, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Nadhani walifanya sawa. Kwa hiyo siandiki hapa kwamba kila kilichosimamishwa na mkoloni kiachwe. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeyaweka mawe yote kwenye gunia moja, na mkulima wa mahindi akanifungulia gunia.

Nilidhani somo langu limekwisha. Nikatoa daftari, nikaanza kuandika kichwa cha makala mpya, ya kutubu. Mzee akaniambia kwanza kuna kazi.

Ana kipande cha ubao wa mninga, kirefu kama mkono, kilichobaki kwenye mlango wa nyumba yake. Anataka kukisimamisha kwenye shamba lake, pale njia inapoachana na barabara, ili mpita njia asiyejua Kijerumani asome kilichotokea. Amejaribu kutafuta mtu wa kumwandikia maneno. Mwalimu mmoja alimwandikia kurasa mbili. "Nikampeleka fundi, fundi akasema, Mzee, hapa labda tununue ukuta." Maneno yasizidi hamsini, aliniambia, la sivyo herufi zitakuwa ndogo kama za kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Na kwa kuwa mimi nilitaka kuvunja, ni haki nijenge.

Nikaona ni kazi ya dakika tano. Naandika kila siku. Nikamwandikia pale pale:

"Mahali hapa, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Kihehe waliwashinda wavamizi wa Kijerumani. Daima tutawakumbuka."

Nikamsomea. Akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaniuliza Wajerumani waliokufa walikuwa wangapi. Nikamwambia kumi. Na kwa jumla, upande wao? Zaidi ya mia tatu.

"Sasa hao mia tatu kasoro kumi," akauliza, "ni kina nani?"

Hapo ndipo swali hili liliponishika, na sijatoka mpaka leo.

Ni kina nani? Askari wa jeshi lile wengi hawakuwa wa huku. Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliwachukua Wasudani kutoka Cairo, watu waliowahi kutumika katika jeshi la Misri, na wengine kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Pembeni yao wapagazi. Wapagazi wa misafara ya wakati ule walitoka sehemu nyingi, Wanyamwezi wakiwa ndio maarufu zaidi, na kila mmoja alibeba kilo kama thelathini za vitu visivyokuwa vyake: risasi, mahema, chakula cha mabwana. Wengine walikuwa vibarua wa ujira, wengine hawakuwa na hiari. Mtu amezaliwa kando ya Mto Nile, amepitia vita vya watu wengine, amepandishwa meli, ameshushwa pwani ya Waswahili, ametembea kutoka Kilwa mpaka nyanda za juu za Iringa, na amekufa kwenye shamba ambalo leo mzee mmoja analima mahindi. Jiwe la Wajerumani halina nafasi yake. Na mimi, mzalendo mwenye daftari, nilimmeza ndani ya neno "wavamizi wa Kijerumani" bila hata kuhisi anapita kooni.

Nitakuwa mkweli kuhusu nilivyojibu. Nilisema: "Lakini Mzee, hao walikuwa vibaraka." Nikaeleza kwamba walikuja kuua, kwamba ndio waliochoma vijiji, maana Wajerumani kumi na kitu hawawezi kuchoma nchi peke yao. Yote ni kweli. Ukoloni huku ulikuja na miguu ya Waafrika. Kuwaweka askari hao kwenye kibao kimoja na wale waliokuwa wanalinda mashamba yao niliona ni kuwatukana wenye mashamba.

Mzee hakubishana kuhusu askari. Akauliza tu: "Na aliyebeba hema?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo kama wanavyojibu wanafalsafa, na nimeshindwa kwa namna mbalimbali. Njia ya kwanza ni kusema kila aliyekuwa katika msafara ni sehemu ya msafara. Bila mpagazi hakuna risasi, bila risasi hakuna uvamizi. Ni hoja safi, lakini ukiifuata mpaka mwisho inamfanya mbebaji wa sufuria awe sawa na aliyetoa amri ya kuchoma kijiji, na sidhani kuna mtu anaamini hivyo akiwa ametulia. Njia ya pili ni kusema mpagazi hana hatia yoyote, ni mhanga tu. Hiyo nayo inamvua utu, kama vile hakuwa na macho ya kuona moshi nyuma yake. Kati ya hizo mbili kuna mtu wa kawaida, ana njaa, ana deni, pengine ana kamba shingoni, anabeba kilo thelathini. Sote tumewahi kubeba mzigo wa mtu ambaye safari yake hatukuipenda. Mimi nimefanya kazi katika chumba cha habari, sitasema zaidi.

Tatizo lilinirudia kwenye kitenzi. Niliandika "waliwashinda". Kwa Zelewski neno linakaa vizuri kabisa, alikuja kushindana akashindwa. Kwa askari mwenye bunduki linakaa pia. Lakini huwezi kumshinda mtu aliyebeba mzigo kichwani. Unaweza kumwua tu. Kwa hiyo sentensi yangu ya kishujaa ilikuwa ya kweli kwa kichwa cha msafara na ya uongo kwa mkia.

Lugha yetu haina huruma katika jambo hili. Wajerumani husema askari wao "ameanguka", kama vile amejikwaa. Sisi tuna kufa, ambako ni kwa kila mtu. Tuna kufariki, ambako ni kwa heshima. Tuna kupoteza maisha, ambako ni kwa taarifa ya habari, kama vile maisha yalikuwa mfukoni yakadondoka. Na tuna kuuawa. Huyo aliyeuawa ameuawa na mtu. Ukiandika "wapagazi karibu 100 waliuawa" kwenye kibao cha Lugalo, msomaji mwenye akili atauliza na nani, na jibu liko pale pale shambani, linaparua mahindi.

Nililala Iringa usiku huo nikiwa na rasimu nne. Kwenye simu nilikuwa na maelezo ya kitabu cha John Mbiti, yule Mkenya, kilichotoka mwaka 1969, ambacho wengi wetu tulikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani. Mbiti alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza wakati. Marehemu, anasema, hajaondoka kabisa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Anakuwa mfu aliye hai, bado ni wa familia. Akishakufa mtu wa mwisho aliyemjua, anazama Zamani, anakuwa mmoja wa wengi wasio na majina. Wasomi wamebishana naye vya kutosha kuhusu wakati, sitaingia huko. Lakini fikiria jiwe kwa mizani yake. Jiwe ni ujanja wa kukwepa kuzama. Hakuna aliye hai leo aliyewahi kumwona Zelewski, na bado ninalijua jina lake, mwanzo na mwisho, na la utani juu. Mhehe aliyekufa siku ile alitajwa na watu wake kwenye tambiko mpaka aliposahaulika kwa utaratibu wake, nyumbani. Mpagazi hakupata hata hilo. Kule alikotoka nani aliambiwa? Kuna mama aliyesubiri, halafu akaacha kusubiri, na hakukuwa na siku moja ambayo angeweza kuiita siku ya msiba.

Pale Dar, kiwanja kile kile alichokuwa Wissmann, tangu mwaka 1927 amesimama askari wa shaba ambaye sisi tunamtumia kuelekezana njia. Maandishi yake ni ya lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwemo, na yanawaambia waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Nenda kayasome. Uzunguke mnara wote. Halafu uniambie umeona jina gani. Na wapagazi wa vita ile, ambao idadi yao ilikuwa kubwa mno, kumbukumbu yao kubwa zaidi katika jiji lile ni soko. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo ya Waswahili mpaka ikalainika. Tunaenda kununua mitumba ndani ya jina la wafu, na kwa kweli sijui kama hilo ni dharau au ndiyo heshima pekee iliyobaki, kuishi mdomoni mwa watu wanaobishana bei.

Kuna mwanafalsafa wa Israeli, Avishai Margalit, aliyeandika kitabu kuhusu maadili ya kukumbuka. Anaanza na kisa cha ofisa wa jeshi aliyehojiwa habari za askari wake aliyeuawa, ikabainika amesahau jina lake, na watu wakakasirika sana. Margalit anauliza: kwa nini tukasirike, na ni nani hasa ana wajibu wa kukumbuka? Jibu lake, kwa ufupi wa kumwonea, ni kwamba wajibu huo unawahusu wenye uhusiano mzito: familia, rafiki, taifa. Kwa watu baki tuna wajibu mwepesi zaidi. Nilipomaliza kulifikiria nikaona limenipa ruhusa niliyoitafuta. Msudani wa Lugalo si ndugu yangu, si wa kabila la mzee, si raia wetu. Mjerumani ndiye aliyemlipa. Basi Mjerumani ndiye ofisa aliyesahau jina. Deni ni lake. Niandike mashujaa wangu nikalale.

Asubuhi nilimrudia mzee nikamweleza hivyo, kwa maneno ya kawaida, bila Margalit. Nilisema hao ni wa Wajerumani, wao ndio wawakumbuke.

"Lakini wamelala kwangu," akasema.

Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hakulifikiria kama hoja. Baba yake alimkataza kulima kona moja ya shamba. Hakumwambia kwa nini, alisema tu pale paache. Naye ameuacha. Jembe linapita pembeni. Sasa ni mzee, watoto wake wako Makambako na Dar, na anajua kwamba akifa mtu atakayelichukua lile shamba atalima mpaka kwenye mpaka, kwa nini asilime. Kibao, kumbe, kilikuwa na sababu ya pili, na pengine ndiyo ya kwanza.

Sijui kama uhusiano wa namna hiyo ni mzito au mwepesi. Hauko kwenye damu wala kwenye taifa. Ni wa mtu na ardhi anayokula kutoka kwake. Lakini ni mzito kuliko wangu na mashujaa niliokuwa nawapigia kelele gazetini, maana mimi kwa ajili yao sijawahi kuacha hata tuta moja.

Kuna kingine kilichoniharibia sentensi yangu. Anayetajwa kuongoza mashambulizi ya Lugalo ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wajerumani walipoiteka Kalenga mwaka 1894 na Mkwawa akabaki porini akiwindwa, Mpangile alijisalimisha, na mwishoni mwa 1896 Wajerumani hao hao wakamweka kuwa mtawala wa Wahehe. Mwanzoni mwa 1897 wakamnyonga. Je, ni shujaa au ni kibaraka? Aliwapiga, akawatumikia, wakamwua kwa kumshuku kwamba hakuwatumikia kweli. Nilikuwa nimemwita askari wa Kisudani kibaraka kwa pumzi moja, na shujaa wangu namba moja wa siku ile naye alikuja kuvaa kofia hiyo kwa wiki kadhaa. Mkwawa alijiua Julai 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikaandikiwa kifungu chake katika Mkataba wa Versailles, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Linaonyeshwa Kalenga, upande wa pili wa mji. Dunia nzima ilizungumzia mfupa mmoja kwa miaka hamsini na zaidi. Sisemi ilikosea. Nauweka tu karibu na kona isiyolimwa.

Rasimu yangu ya mwisho niliiandika nikiwa nimekaa kwenye gunia la mahindi, mjukuu akihesabu maneno kwa vidole:

"Hapa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walizuia jeshi la Wajerumani lililokuja kuwatawala. Walikufa Wahehe wengi. Walikufa Wajerumani 10, na majina yao yako kwenye mnara. Waliuawa pia askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100, watu wa mbali. Majina yao hatunayo. Wamelala hapa."

Arobaini na tatu, akasema msichana. Mzee aliomba nimsomee mara ya pili. Alipenda "watu wa mbali". Hakupenda neno moja.

"'Waliuawa,'" akasema. "Na nani?"

Nikamweleza kwamba nimeliacha hivyo makusudi. Kibao kiko kwenye shamba lake, mpita njia anaweza kulichukua vibaya, na wapagazi wale hawakuwa na silaha. Akiandika waziwazi ataonekana anajisifia kuua watu waliobeba mizigo, au anaomba radhi kwa niaba ya mashujaa, na hakuna linalofaa. Nilizungumza sana. Aliniacha nimalize.

"Andika 'tuliwaua'," akasema. "Kwani nani mwingine aliwaua?"

Sikuandika siku ile. Nilimwambia nitafikiri, nitamtumia kwa simu ya yule kijana. Nilikaa nalo wiki sita. Nilijaribu "walikufa mikononi mwetu", likanuka mashairi. Nilijaribu kuwatenganisha, askari tuliwaua na wapagazi walikufa, ikawa uongo. Rafiki yangu mmoja mhariri alinishauri niondoe wapagazi kabisa, kibao kipate nafasi ya kupumua. Yaani ushauri wa kihariri hasa, na kwa siku mbili nilikaribia kuufuata. Kilichonizuia ni kwamba yule msichana angehesabu upya na kuuliza mia moja wamekwenda wapi.

Wiki iliyopita nimemtumia. Nimeweka "tuliwaua", ingawa mimi si Mhehe na wakati naandika sikuwa na uhakika kama hiyo "tu" inanihusu. Kijana amejibu kwamba Mzee amesomewa na amekubali, lakini fundi anadai hela ya rangi, elfu kumi na tano. Nimetuma ishirini.